Namna ya Kutoa Maoni Kuhusu Tathmini ya Athari za Mazingira Nchini Uganda

Tofauti na Kanada, nchi ya shirikisho ambako serikali kuu na majimbo hugawana kazi ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira kabla haijaidhinishwa, Uganda imeikabidhi kazi hiyo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019.

Kwanza, fahamu mradi uko katika ngazi gani. Midogo huwasilisha maelezo mafupi; mikubwa hufanyiwa utafiti kamili na wataalamu waliosajiliwa, ambao hulipwa na mwenye mradi, kwa hiyo ripoti yao isomwe kwa jicho kali.

Usianze na muhtasari, ambao aghalabu hupambwa. Fungua ramani, tafuta kijiji chako, kisha linganisha: je, kisima mnachochota maji kimeonyeshwa? Njia ya ng'ombe kuelekea Ziwa Albert wakati wa kiangazi imetajwa? Ukikuta pengo, andika namba ya ukurasa, mahali penyewe na jambo lililoachwa, kwa sababu kusema "tunapinga mradi" peke yake hakumlazimu mtu kujibu chochote. Peleka barua yenye maoni hayo kwa NEMA kabla ya muda wa maoni kwisha, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkutano wa hadhara ukiitishwa, kama ile mikutano ya mradi wa mafuta wa Tilenga iliyofanyika Buliisa na Nwoya mwaka 2018, nenda na hoja moja iliyoandikwa. Cheti cha NEMA cha kuidhinisha mradi kikitolewa, omba kuona masharti yake, maana ndiyo mtakayoyashikilia ujenzi ukianza.