Namna ya kuichambua safari ya Paul Morphy kwenye sataranji, mchezo kwa mchezo

Mtu anayetaka kuinua kiwango chake cha sataranji huambiwa mapema kwamba achunguze michezo ya magwiji, lakini ni nadra kuambiwa aanze na nani, wala afuate utaratibu gani. Akimchukua bingwa aliyecheza kwa miaka arobaini, atazama katika maelfu ya michezo na kuchoka kabla ya kuona chochote. Kwa sababu hiyo ninapendekeza Mmarekani Paul Morphy, aliyezaliwa New Orleans tarehe 22 Juni 1837, ambaye ushindani wake wote wa maana ulianza Oktoba 1857 na kwisha mapema mwaka 1859. Michezo yake ya mashindano na mechi rasmi ni 59 tu: alishinda 42, akatoka sare 9, akapoteza 8. Ukichambua mchezo mmoja kwa siku, utaimaliza yote katika miezi miwili.

Kazi ya kwanza ni kuchuja. Mafaili ya michezo ya Morphy yanayopatikana bure kwenye intaneti yamechanganya kila kitu, na sehemu kubwa ni michezo ambayo aliondoa ngome au farasi wake mwenyewe kabla ya kuanza, ili mpinzani dhaifu apate nafuu. Michezo hiyo inapendeza kutazama, lakini inamharibu mwanafunzi, kwa kuwa inamzoesha kuona mashambulizi yakifanikiwa dhidi ya watu wasiojua kujitetea. Iweke kando. Weka kando pia michezo aliyocheza bila kutazama ubao, ikiwemo ile minane aliyocheza kwa wakati mmoja pale Café de la Régence mjini Paris, tarehe 27 Septemba 1858, akashinda sita na kutoka sare miwili. Ni jambo la kustaajabisha, ila hakuna hata mmoja wetu atakayecheza hivyo wikendi hii.

Baada ya kuchuja, panga michezo kwa tarehe. Mwanzo ni kongamano la kwanza la sataranji la Marekani, lililofanyika New York mwaka 1857 kwa mtindo wa mtoano, ambapo Morphy, akiwa na miaka 20, aliwatoa James Thompson, Alexander Meek na Theodor Lichtenhein bila kupoteza mchezo, kisha akamshinda Louis Paulsen katika fainali kwa michezo mitano dhidi ya mmoja, sare mbili. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Ulaya. Alimshinda Johann Löwenthal jijini London, tisa kwa tatu na sare mbili, na huko Paris akamshinda Daniel Harrwitz, tano kwa mbili na sare moja. Mwezi Desemba alipambana na Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau aliyekuwa ameshinda mashindano makubwa ya London ya mwaka 1851, na kumshinda saba kwa mbili, sare mbili. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Augustus Mongredien, saba kwa sifuri na sare moja. Mwingereza Howard Staunton, ambaye Morphy alitamani kupambana naye kuliko wote, hutampata humu, kwani mechi yao haikufanyika kamwe.

Sasa chukua ubao halisi na kete za kushika mkononi; skrini inakuruhusu kupeperusha hatua haraka kuliko akili inavyoweza kuzifuata. Katika maandishi ya michezo, herufi K ni mfalme, Q ni malkia, R ni ngome, B ni askofu na N ni farasi, na hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari. Herufi ndogo na namba, kama b3, hutaja mraba: a hadi h ni safu za wima kuanzia kushoto kwa weupe, na 1 hadi 8 ni mistari kuanzia upande wao. Funika hatua za Morphy kwa karatasi. Kila zamu yake ikifika, andika kwenye daftari hatua ambayo wewe ungecheza na sababu yake kwa sentensi moja, ndipo ufunue. Sababu ni muhimu kuliko hatua yenyewe: ukipatia hatua kwa kubahatisha hujajifunza lolote, na ukikosea kwa sababu nzuri umepata cha kurekebisha.

Kuna mchezo mmoja nje ya ile 59 ambao ninakuruhusu, na ni vizuri uanze nao kama mazoezi ya kupasha mwili. Mwaka 1858, ndani ya jumba la opera mjini Paris, Morphy alicheza kete nyeupe dhidi ya Duke Karl wa Brunswick na Count Isouard, waliokuwa wakishauriana. Watu wengi huukumbuka kwa ajili ya malkia aliyetolewa kafara mwishoni, na hapo ndipo wanapoukosea. Simama kwenye hatua ya 8. Malkia wa Morphy yuko b3, na angeweza kumla askari wa b7 bure. Lakini mpinzani angejibu kwa kumtishia mfalme kutoka b4, malkia wangebadilishwa, na weupe wangebaki na faida ya askari mmoja katika mchezo uliopoa. Morphy alimtoa farasi wa pili badala yake, akimweka c3. Hatua iliyofuata akamtoa askofu hadi g5. Hesabu sasa: weupe wana kete nne kubwa (yaani zisizo askari wala mfalme) uwanjani, weusi wana mbili, na mojawapo, malkia aliyekaa e7, anamzibia askofu wake mwenyewe njia ya kutoka f8.

Hesabu hiyo ndiyo ufunguo wa Morphy mzima. Weusi walipomsukuma askari hadi b5 katika hatua ya 9, Morphy alimtoa kafara farasi kwa askari wawili ili tu mfalme mweusi asipate nafasi ya kujificha, kisha kwa hatua moja akamhifadhi mfalme wake upande wa malkia na kuiingiza ngome kwenye safu ya d. Ngome ya kwanza ilipokufa d7, ya pili ikachukua nafasi yake d1. Kwenye hatua ya 17 mfalme mweusi alifungwa na ngome moja ikisaidiwa na askofu mmoja, kete kubwa pekee walizobaki nazo weupe, huku askofu wa f8 na ngome ya h8 za weusi zikiwa hazijasogea tangu mchezo uanze. Malkia aliyetolewa alikuwa kama hundi ya pesa zilizokwisha wekwa benki hatua nyingi kabla.

Kwa hiyo, katika kila mmoja wa michezo 59, chora safu mbili kwenye daftari na uandike idadi ya kete kubwa zilizotoka kwa kila upande kwenye hatua ya 10. Usiamini neno langu. Iache michezo yenyewe ithibitishe au ikatae.

Mchezo wa kuupa jioni nzima ni ule wa sita dhidi ya Paulsen, uliochezwa Novemba 1857. Morphy ana kete nyeusi. Katika hatua ya 12 alimpeleka malkia hadi d3, na anayefunua karatasi hapo kwa mara ya kwanza huona kama malkia amepotea njia. Tazama askari mweupe wa d2: hawezi kusogea tena, na kwa kuwa hawezi kusogea, askofu wa c1 amebaki kifungoni. Kufikia hatua ya 16 Morphy ana ngome mbili kwenye safu ya e na maaskofu wote wawili kazini, ilhali askofu wa c1 wa Paulsen bado hajaona mlango. Ndipo katika hatua ya 17 malkia mweusi alipomla askofu wa f3 na kujitoa kwa askari, safu ya g ikafunguka, na ngome ikaruka hadi g6. Tafuta mwenyewe kinachofuata kabla ya kufunua, hata kama kitakuchukua nusu saa. Saa za mashindano zilikuwa bado hazijaanza kutumika, na Paulsen alijulikana kwa kukaa muda mrefu mno juu ya hatua moja, kwa hiyo hutakuwa mvivu kuliko yeye.

Programu ya kompyuta ije baada ya hapo, kamwe isitangulie. Iwashe na uiulize kuhusu hatua ya 22 ya mchezo huohuo: Morphy alimrudisha askofu g2 kumtishia mfalme, kumbe angeishusha ngome hadi g2 na kumaliza kazi kwa haraka zaidi. Kuona gwiji akipitwa na njia fupi humwondolea mwanafunzi woga wa kuhoji.

Ukishauzoea ushindi, geukia ile michezo minane aliyopoteza, mmoja kwa Paulsen, mitatu kwa Löwenthal, miwili kwa Harrwitz na miwili kwa Anderssen. Wengi huiruka, nami naiona kuwa sehemu yenye faida kubwa kuliko yote. Harrwitz alimfunga katika michezo miwili ya mwanzo ya mechi yao, na linalofaa kuchunguzwa ni jinsi Morphy alivyocheza baada ya hapo, kwa kuwa hakupoteza mwingine katika mechi hiyo. Anderssen naye, alipochoka kupigwa kwenye michezo iliyofunguka mapema katikati ya ubao, alianza mara tatu kwa kumsogeza askari wa pembeni hadi a3, hatua isiyoahidi chochote ila kuuficha uwanja wa vita. Katika michezo hiyo mitatu walilingana: kila mmoja alishinda mmoja, na mmoja ukawa sare. Linganisha na mchezo wa tisa, ambao Anderssen alikubali kufungua katikati na akasalimu amri baada ya hatua 17. Hapo utajua ni aina gani ya mchezo iliyomfaa Morphy na ni ipi iliyompunguzia makali.

Aliporudi Marekani mwaka 1859 alisema yuko tayari kucheza na yeyote kwa kumwachia askari mmoja na hatua ya kwanza, na hakucheza tena mechi nzito hadi alipofariki tarehe 10 Julai 1884. Faili lako linaishia hapo. Rudi kwenye daftari, chukua michezo kumi ya kwanza na kumi ya mwisho, uhesabu ni hatua ngapi ulizipatia kwa sababu sahihi katika kila fungu. Kama idadi haijapanda, anza tena na mechi ya Anderssen, safari hii ukikaa upande wa Anderssen.