Vyeti vya Usalama wa Mtandao na Viza za Wataalamu: Vinahesabiwa Wapi na kwa Namna Gani

Wataalamu wengi wa TEHAMA wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hulipia mtihani wa CISSP au CISM, vyeti vya kimataifa vya usalama wa mtandao, wakiamini kwamba cheti hicho peke yake kitawapatia viza ya kuhamia nje. Ni nadra sana nchi kutoa viza kwa sababu ya cheti cha aina hiyo. Kinachopimwa ni shahada, miaka ya kazi, umri, lugha na, mara nyingi, ofa ya kazi; cheti husaidia kwa njia ya pembeni, ama kwa kuthibitisha kuwa miaka unayoidai ilikuwa kweli ya kazi ya usalama, ama kwa kumshawishi mwajiri akudhamini. Kwa hiyo chagua nchi kwanza, kisha soma masharti yake, na cheti kiwe cha mwisho kuchaguliwa. Anayeanza na cheti huweza kujikuta na sifa nzuri ambayo haina nafasi kwenye fomu yoyote.

Vyeti vyenyewe havilingani uzito. CISSP, inayotolewa na shirika la ISC2, hudai miaka 5 ya kazi ya malipo katika angalau nyanja 2 kati ya 8 za mtaala wake, ingawa shahada inayokubalika hupunguza mwaka 1. Baada ya kufaulu mtihani, mtaalamu mwingine mwenye cheti cha ISC2 hutakiwa kuthibitisha historia yako ya kazi. Aliyefaulu bila kutimiza miaka hupewa hadhi ya uanachama mshiriki na muda wa miaka 6 wa kuikamilisha. CISM na CISA, za shirika la ISACA, nazo hudai miaka 5, pamoja na misamaha yake. Security+ ya CompTIA na OSCP ya OffSec hazina sharti la uzoefu, ila OSCP ni mtihani wa vitendo unaochukua takriban saa 24, na mwajiri anayetafuta mtu wa kupima mifumo kwa kuidukua kwa idhini hauchukulii kwa wepesi. Tofauti hii ina maana kwa mwombaji wa viza: CISSP inaonyesha kwamba uzoefu wako ulishapitiwa na mtu mwingine, ilhali Security+ inaonyesha tu kwamba ulifaulu mtihani.

Australia ndiyo inayostahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu mfumo wake uko wazi kwa hesabu. Mwombaji wa viza ya 189, 190 au 491, ambazo ni viza za wataalamu zinazotolewa kwa pointi, katika fani hii huanza kwa kutathminiwa na Australian Computer Society, ACS, ambayo hulinganisha masomo na kazi zake na kazi iliyomo kwenye orodha ya serikali, kwa mfano mtaalamu wa usalama wa TEHAMA mwenye namba 262112. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kazi uliyoichagua imo kwenye orodha ya viza ile ile unayoilenga, kwa maana orodha hizo hazifanani.

ACS huwa haihesabu miaka yako yote. Mwenye shahada ya kompyuta inayohusiana kwa karibu na kazi aliyoitaja huweza kupunguziwa miaka 2, na ambaye shahada yake ya kompyuta haihusiani kwa karibu huweza kupunguziwa 4. Pointi za uzoefu hutolewa kwa miaka inayobaki tu. Chukua mtu wa miaka 31 mwenye shahada inayohusiana, miaka 7 ya kazi na alama 7 katika kila sehemu ya IELTS, mtihani wa Kiingereza. Umri unampa pointi 30, shahada 15, Kiingereza 10, na miaka 5 iliyobaki baada ya makato inampa 10. Bila pointi za hali ya ndoa, jumla ni 65, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuonyesha nia, yaani kujiandikisha kusubiri mwaliko wa kuomba viza, na mialiko mara nyingi huwaendea wenye pointi zaidi ya hizo. Akifikisha alama 8 katika kila sehemu ya Kiingereza anapanda hadi 75. Akidhaminiwa na jimbo kwa viza ya 190 anaongeza 5, na kwa viza ya 491 ya maeneo ya nje ya miji mikubwa anaongeza 15. CISSP yake katika hesabu hiyo haimwongezei hata pointi moja. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hii mwenye fedha za jambo moja tu afadhali azitumie kurudia mtihani wa Kiingereza.

Cheti huanza kuwa na kazi Australia pale ambapo shahada haipo au ni ya fani nyingine kabisa. Hapo ndipo ilipo njia ya kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini, ambayo kwa kawaida hudai miaka 6 ya uzoefu kwa mwenye elimu ya juu isiyo ya kompyuta, na miaka 8 kwa asiye na elimu ya juu. Mwombaji huandika maelezo ya jinsi alivyoupata ujuzi wake pamoja na ripoti mbili za miradi, moja ya ndani ya miaka 3 iliyopita na nyingine ya ndani ya miaka 5. Katika maelezo hayo vyeti hukaa mahali pake hasa: vinaonyesha ulijifunza nini, lini, na kwa mpangilio gani. Usiishie kuvitaja majina. Eleza kwamba baada ya kusomea usimamizi wa hatari ulibadilisha namna benki yako inavyotoa ruhusa za kuingia kwenye mifumo, kisha onyesha mabadiliko hayo ndani ya ripoti ya mradi. Ripoti hizo hukaguliwa kwa ajili ya maandishi ya kunakili, hivyo anayenunua ripoti iliyoandikwa tayari anahatarisha maombi yote.

Ujerumani inamfaa zaidi fundi mzuri asiye na shahada. Tangu Novemba 2023 mtaalamu wa TEHAMA anaweza kupata Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi, bila shahada, mradi awe na angalau miaka 3 ya uzoefu ndani ya miaka 7 iliyopita, uzoefu huo uwe wa kiwango cha chuo kikuu na uhusiane na kazi aliyopewa, na awe na ofa ya kazi ya miezi 6 au zaidi. Mshahara wa chini kwa kundi hili ulikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka 2025 kabla ya makato, na kiwango hubadilishwa kila Januari. Mzigo uko kwenye maneno hayo ya kiwango cha chuo kikuu. Afisa anayepitia faili lako huenda hajawahi kuingia kwenye chumba cha seva, na barua inayosema ulikuwa Afisa TEHAMA haimwambii chochote. CISSP, CISM au OSCP iliyoambatanishwa na maelezo ya kazi yanayoeleweka humpa kipimo anachoweza kukitafuta na kukithibitisha. Usichanganye njia hii na Chancenkarte (kadi ya fursa) iliyoanza Juni 2024, ambayo humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi akiwa huko, kwa kuwa yenyewe kwa kawaida hudai shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na nchi yalikotolewa. Kozi ya wiki chache yenye mtihani mwishoni haifikii hapo.

Kwa Kanada, fomu ya Express Entry, mfumo wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, ina sehemu inayouliza kuhusu cheti cha sifa, na wengi huweka CISSP humo. Sehemu hiyo ni ya mafundi stadi waliopewa vyeti na majimbo ya Kanada. Wataalamu wa usalama wa mtandao wana namba yao ya kazi, 21220, na pointi zao hutokana na shahada iliyotathminiwa, lugha, umri na uzoefu.

Uingereza ina jambo linalopotosha watu. Mei 2020 UK NARIC, taasisi iliyolinganisha sifa za kigeni na za Uingereza, iliiweka CISSP katika ngazi ya 7 ya mfumo wa sifa wa nchi hiyo, ngazi moja na shahada ya uzamili, na baadhi ya wenye cheti wakaanza kujiandika kuwa wana uzamili. Kulingana kwa ngazi si kupewa shahada. Viza ya mfanyakazi stadi hutegemea mwajiri mwenye leseni ya kudhamini na mshahara uliowekwa, kwa hiyo cheti kinamlenga mwajiri. Ukijaza shahada usiyonayo kwenye fomu unaingia kwenye kosa la taarifa za uongo, ambalo Kanada humzuia mtu kwa miaka 5 na Australia kwa kawaida kwa miaka 3.

Sehemu inayoangusha Waafrika Mashariki wengi ni barua ya mwajiri. Ofisini kwetu mtu mmoja hutengeneza printa asubuhi, hubadilisha nywila mchana na hupanga faiwoli jioni, kisha ofisi ya rasilimali watu inamwandikia mistari mitatu. Omba barua yenye nembo ya taasisi, tarehe za kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki (ACS huhesabu kazi ya saa 20 na kuendelea), na majukumu ya usalama yakitajwa moja moja. Andika rasimu ya majukumu hayo mwenyewe umpelekee msimamizi wako, kwa kuwa yeye ndiye atakayejua kama ni ya kweli. Ambatanisha ushahidi wa malipo: hati za mshahara, taarifa za benki, michango ya NSSF, au fomu ya P9 ya kodi ya mshahara kwa aliye Kenya. Tarehe hizo zifanane na zile ulizowapa ISC2 au ISACA ulipoomba cheti. Pengo la miezi kadhaa kati ya faili mbili huzua maswali.

Angalia pia majina na muda. Pasipoti zetu mara nyingi hubeba majina matatu, na akaunti za mitihani hufunguliwa kwa mawili. Sahihisha jina kwenye akaunti kabla ya mtihani, na kama cheti kimeshatoka, omba kitolewe upya. Security+ hudumu miaka 3, CISSP huhitaji ada ya kila mwaka na saa 120 za masomo endelevu katika miaka 3, na barua ya tathmini ya ACS hutumika kwa miaka 2, kwa hiyo panga tarehe ya mtihani ili cheti kiwe bado hai siku utakapopata mwaliko na kuwasilisha maombi ya viza.