Kabla hamjampeleka mzee kuchomwa radiamu

Sindano ya radiamu-223, dawa ya mionzi, ni ya saratani ya tezi dume iliyokwisha kutambaa kwenye mifupa na isiyosikia tena dawa za kushusha homoni. Ikiwa imeingia kwenye ini au mapafu, sindano hii si yake. Hakikisheni kwa vipimo vya picha kabla hamjauza kiwanja ili kumsafirisha.

Wala haiponyi. Kwenye utafiti mkubwa uliofanya Marekani iiruhusu mwaka 2013, nusu ya waliochomwa waliishi zaidi ya miezi 14.9; kwa waliopewa sindano tupu, isiyo na dawa, ilikuwa 11.3. Mwambieni mzee hivyo hivyo, mwili ni wake.

Sindano ni 6, moja kila wiki 4. Pigeni hesabu ya nauli au malazi ya karibu miezi mitano.

Sasa damu, na hapa nisikilizeni. Mifupa huidhania radiamu kuwa kalisi, madini ya kujengea mifupa, huivuta penye uvimbe, na mionzi yake ya alfa huua seli za jirani tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Hata hivyo uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, nao huumia kiasi. Ndiyo maana kabla ya sindano ya kwanza wanataka himoglobini isiyopungua 10, chembe sahani (za kugandisha damu) zisizopungua 100,000, na chembe nyeupe za kutosha. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipandishwa ndege na majibu ya damu ya zamani. Siku yenyewe amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kanula iko mkononi, nesi akarudi na karatasi: himoglobini 8. Kanula ikachomolewa, pamba ikabandikwa. Mwanawe akawa anabishana, si dawa imeshafika? Imefika, tena kwa jina la baba yake. Lakini radiamu hii haiwekwi akiba: kila siku 11 na kitu nguvu yake hukatika nusu, na chupa mwisho wake siku 28. Mzee akaongezewa damu, wakakaa kwenye chumba cha kulipia kwa siku, chupa ikapita muda, ikaagizwa nyingine. Na bili nyingine. Pimeni damu upya nyumbani, majibu yamfikie daktari wa huko kabla hajaagiza chochote.

Bebeni dawa zote anazokunywa, hata za mitishamba. Kama anatumia abirateroni (dawa ya saratani ya tezi dume) na prednisoloni inayoandamana nayo, semeni mapema. Ulaya ilikataza mwaka 2018 kuzichanganya na radiamu, maana mifupa ilivunjika zaidi.

Nyumbani, kukaa sebuleni na wajukuu hakuna neno. Choo ndicho cha kuangalia, kwani dawa hutoka zaidi kwa haja kubwa: akojoe ameketi, maji yamwagwe mara mbili, anayemsafisha avae glovu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kondomu mpaka miezi 6 baada ya sindano ya mwisho, hata kama mnaona haya kumwambia. Akipata homa, michubuko isiyo na sababu au damu ya fizi, hospitali siku hiyo hiyo, msingoje sindano ijayo.