Mguu umepoa? Usisingizie baridi ya Mbeya kabla hujapima mapigo

Jamani mwezi wa sita na wa saba huku Uyole kila mtu miguu imepoa, ndo maana mzee akilalamika tunamsogezea jiko la mkaa basi yameisha. Mama yangu mkubwa tulimfanyia hivyo msimu mzima kumbe ni mguu mmoja tu uliokuwa unapoa, hakuna aliyewahi kuushika na wa pili akalinganisha. Inaniuma mpaka leo.

Kupima ni hivi. Mgonjwa alale, avue soksi, mkae dakika kama tano ndani kwenye joto. Tumia vidole viwili au vitatu, dole gumba hapana, lina mapigo yake utajipima mwenyewe. Mwambie anyanyue kidole gumba cha mguu, utaona kano imetokeza juu ya mguu, gusa pembeni yake upande wa kidole cha pili, taratibu, ukikandamiza unaziba mshipa. Halafu gusa nyuma ya kifundo cha ndani. Fanya miguu yote miwili. Mshipa ule wa juu ya mguu wapo watu wazima wa afya ambao hausikiki kabisa, usiwatishe, ila ukikosa mapigo ya mishipa yote miwili, au mguu mmoja unapiga mwingine kimya, panda nyuma ya goti kisha kinenani maana damu inashukia huko.

Muulize pia akipanda mlima kigimbi kinabana? Akisimama dakika chache kinaachia, akianza tena kinabana umbali ule ule? Hiyo ni ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni, imeziba, hasa kwa mvuta sigara, mwenye sukari au presha. Kama usiku anauning'iniza mguu nje ya kitanda ndo apate nafuu, au ana kidonda cha kidole hakiponi, hapo imefika pabaya.

Hospitali waombe wapime presha ya kifundo wagawanye kwa ya mkono, 0.9 kushuka chini mshipa umebana, ikizidi 1.4 mishipa imekakamaa, wenye sukari inawatokea sana.

Jiko weka mbali na mwenye sukari, ganzi inamfanya aungue asisikie na damu ya kuponya hakuna, mpe soksi nzito zisizobana.

Na mguu ukianza kuuma ghafla, ukapauka, ukapoa, ukafa ganzi au ukagoma kusogea, tafuta gari usiku huo huo, mna kama masaa 6 tu ya kuuokoa.