Miguu inauma? Anza na kiatu, alafu jua lini ukimbie hospitali

Mimi kazi yangu ni kulinda, miaka tisa sasa nasimama getini hapa Kampala masaa 12 kwa zamu, na buti za kwanza nilizopewa kazini zilikuwa namba 41 wakati mguu wangu ni 43, nikaambiwa vumilia zitapanuka. Hazikupanuka. Mimi si musawo, yaani daktari, ila kwa hiyo miaka nimeuliza wasawo wengi na nimekosea mengi, kwa hiyo chukueni mnachoona kinawafaa.

Kwanza kisigino, manake hiyo ndiyo inatusumbua wengi tunaosimama, askari, walimu, wanaouza chakula, makondakta. Dalili yake huwezi kuikosea: asubuhi ukishuka kitandani hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari, ukitembea kidogo inapoa, alafu jioni ukishasimama sana inarudi. Chini ya unyayo kuna kano pana linatoka kisiginoni mpaka vidoleni, likivutwa kila siku bila kupumzika linaumia. Wengi wanakimbilia Panadol. Panadol inatuliza tu, kazi yenyewe ni kunyoosha. Kabla hujashuka kitandani chukua leso au taulo, izungushe mbele ya unyayo, vuta kuelekea kwako goti likiwa limenyooka, hesabu mpaka 30, rudia mara tatu. Ukisimama, egemea ukuta mguu mmoja nyuma, kisigino kisinyanyuke, mpaka usikie nyama ya nyuma ya mguu inavutika. Jioni chukua chupa ndogo ya maji iliyoganda, ibingirishe chini ya unyayo dakika kama kumi. Na usitembee peku kwenye sakafu ya simenti hata nyumbani, hapo ndipo mimi nilikuwa naharibu, kazini navaa buti nzuri alafu nyumbani nakanyaga simenti. Inachukua miezi, sio siku, usikate tamaa wiki ya pili.

Sasa viatu. Wengi wetu tunanunua mivumba, yaani mitumba, soko la Owino au pale barabarani jioni watu wakishatandika, na hakuna ubaya, kuna viatu vizuri pale kuliko vipya vya dukani ambavyo soli ni kama karatasi. Ila jua kukagua. Shika kiatu, bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, ikilala kama kitambaa, wacha. Kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati, wacha. Kisokote kama unakamua nguo, kikisokoteka kirahisi, wacha pia. Alafu geuza uangalie soli, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, kama upande mmoja umelika sana kitakuvuta wewe pia uende upande huo. Jaribu jioni, sio asubuhi, manake mguu unavimba kidogo mchana kutwa, na jaribu vyote viwili ukiwa na soksi utakazovaa, simama, kidole kirefu kiachwe nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Kama muuzaji anakuharakisha, chora unyayo wako nyumbani kwenye karatasi ukate, ukifika uweke chini ya kiatu ulinganishe, karatasi ikitokeza pembeni kiatu kitakubana, hakuna maneno mengi.

Sapatu, yaani ndala, ni za bafuni. Najua tunazivaa mpaka sokoni na kwenye boda, lakini hazishiki kisigino, vidole vinafanya kazi ya kuzing'ang'ania siku nzima, na msumari unapita kama mkate. Lugabire zile za tairi ni imara, mwiba hauingii kirahisi, ila ni ngumu na hazina mto, ukiwa na shida ya kisigino zitakumaliza. Ukikosa vyote tafuta sandali yenye mkanda wa nyuma.

Sugu, magaga, kucha, fangasi, haya nayapitia haraka. Sugu inatoka pale kiatu kinapobana au kusugua, ukiikata bila kubadilisha kiatu inarudi. Loweka mguu dakika kumi maji ya uvuguvugu, sugua na jiwe polepole, paka vaselini ulale na soksi, magaga pia dawa yake ni hiyo hiyo. Wale vijana wanaozunguka na vikapu vya rangi za kucha, wakuoshe wakupake rangi sawa, ila wembe wao usiguse nyama yako, wembe umetoka kwa nani hujui. Kucha kata ikiwa imenyooka, usichimbe kona, hapo ndipo inaingia ndani ya nyama. Fangasi inapenda katikati ya vidole vidogo, ngozi nyeupe inawasha inanuka: osha, kausha kabisa, paka clotrimazole na uendelee kama wiki mbili hata baada ya kupona. Usinunue zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinanyamazisha muwasho juu huku fangasi inasambaa. Gambuti na buti zipumzike siku nzima zikauke, jaza magazeti ndani.

Watu wa kijijini, funza. Usimtoe na pini iliyotoka mguu wa mtu mwingine, mnaambukizana magonjwa ya damu, na usimwage mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya wamtoe vizuri na waangalie kama unahitaji sindano ya pepopunda, alafu nyunyizia maji vumbi la ndani kabla ya kufagia, na nguruwe na mbwa wasilale mnapolala. Kuna lingine watu wanaliita uchawi: miguu kuvimba kidogo kidogo mpaka inakuwa kama matende. Kamwenge, magharibi mwa Uganda, mwaka 2015 wataalamu walienda kuchunguza wakakuta sio mbu wala uchawi, ni udongo. Ule udongo mwekundu wa asili ya volkano una chembe ndogo zinazoingia kwenye ngozi ya mtu anayelima peku miaka mingi, hata kwenye miteremko ya mlima Elgon upo. Ugonjwa huo hauambukizi, kwa hiyo kumtenga mgonjwa ni kumwonea bure. Viatu vya kufunika shambani, na kuosha miguu kwa sabuni kila jioni, kwa watoto pia.

Sasa ninachoogopa mimi kuliko vyote ni mguu ambao hauumi. Shangazi yangu wa Tororo ana sukari, alikanyaga msumari na sapatu, ukaingia, hakusikia kitu, akapika akalala, siku ya nne ndio mjukuu akaona soksi ina maji na harufu. Alipoteza vidole viwili. Sukari inaua hisia za miguu na inapunguza damu inayofika kule chini, kidonda kidogo kinageuka balaa kimya kimya. Ukiwa na sukari, kila usiku angalia nyayo na katikati ya vidole, kama huwezi kuinama weka kioo chini au mwite mtoto. Tikisa kiatu kabla ya kuvaa. Maji pima kwa kiwiko, sio kwa mguu. Hizo plasta za kuchoma sugu usiguse. Kidonda chochote, hata kisichouma, nenda siku hiyo hiyo. Na kama huna sukari lakini una sehemu ya ngozi imekufa ganzi, nenda pia, inaweza kuwa ukoma, na ukoma unatibika.

Kwa wengine wote, usilale nyumbani kama umechomwa na msumari, kama wekundu unapanda juu na una homa, kama mguu umekuwa baridi na umepauka au umeanza kuwa mweusi, kama huwezi kukanyaga kabisa baada ya kuanguka boda, au kama mguu mmoja tu umevimba ghafla na nyama ya nyuma inauma ina joto, hiyo inaweza kuwa damu imeganda ndani. Kisigino ambacho hakijapungua baada ya wiki kadhaa za kunyoosha, au kidonda kilichopita wiki mbili hakifungi, hicho nacho kipeleke.

Anza kituo cha afya cha ngazi ya III au IV, watakuandikia rufaa. Ukifika hospitali kubwa uliza watu wa mifupa au fiziotherapia, Mulago wana karakana ya kutengeneza viatu na vifaa vya miguu, na hospitali ya CoRSU pale Kisubi njia ya Entebbe wanashughulika na viungo. Mtoto akizaliwa na miguu imepinda ndani msisubiri akue, plasta za kunyoosha zinaanza wiki za kwanza kabisa na mara nyingi zinamaliza kazi bila upasuaji mkubwa.

Na siku ya kwenda beba viatu vyako vya kila siku, hata kama vimechoka unaona aibu, musawo atageuza soli aone unavyokanyaga. Mimi alishika ile buti namba 41 akaniuliza, hii ni ya mdogo wako?