Somo: Kulaza mlingoti na kupita chini ya daraja kwa pondo

Ukikodi mashua ya zamani ya tanga kule Norfolk, mashariki mwa Uingereza, siku ya kwanza utafaidi upepo. Siku ya pili utakutana na daraja la Potter Heigham. Ni daraja la mawe la zama za kati, na tao lake la katikati huacha mita 2 na kidogo tu juu ya maji. Hickling, bwawa kubwa kuliko yote ya huko, liko ng'ambo yake. Basi mlingoti ulale.

Mashua ninazozungumzia ni zile za Hunter's Yard, kijijini Ludham, zilizoanza kuundwa miaka ya 1930. Ni za mahogani, zimekarabatiwa mara nyingi, na hazina injini wala umeme. Chombo cha kukusukuma upepo ukikatika ni pondo, mti mrefu unaochomekwa chini ya maji.

1. Soma ubao wa vipimo ulio karibu na daraja. Unaonyesha nafasi iliyopo saa hiyo, si ya jana. Maji ya huko hayafuati mwezi peke yake: mvua huyapandisha, na upepo wa kaskazini ukisukuma Bahari ya Kaskazini, mito nayo hujaa.

2. Funga gati mapema. Usijaribu kulaza mlingoti huku unaelea kuelekea daraja. Nimeona watu wakifanya hivyo, na nimewahi kuwa mmoja wao.

3. Shusha tanga dogo la omo (mbele ya mashua), kisha tanga kubwa. Foromali, mti unaoshika tanga kubwa kwa juu, ina henza (kamba za kupandishia) mbili. Zilegeze pamoja ili ishuke imelala sawa. Funga tanga, ling'oe pamoja na boriti yake ya chini kutoka mlingotini, ulaze vyote kando.

4. Hapa ndipo pa kutulia. Mlingoti haukuchomekwa hadi kwenye mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, kama wa jahazi. Umeshikwa na kisanduku kirefu kilichosimama sitahani, na pini ya chuma imepita katikati, kwa hiyo unacheza kama mizani. Kitako chake kiko chini ya sitaha, kimefungwa donge zito la madini ya risasi. Fungua mfuniko wa omo, fungua kinachokishika kitako, halafu legeza kamba ya mbele polepole. Ncha inashuka kuelekea tezi (nyuma ya mashua), kitako kinapanda kupitia uwazi ule. Hakikisha hakuna mguu wala mkono wa mtu juu ya uwazi huo. Mmoja asimame nyuma aupokee mlingoti na kuuweka kwenye panda yake, mwingine aangalie waya za ubavuni zisinase popote.

5. Paa la chumba huinuliwa ili watu wasimame ndani. Lishushe. Hili husahaulika kuliko yote.

6. Sasa pondo. Ncha ya juu ina kifundo cha kuweka begani. Ya chini ina kiatu kinachozuia lisizame sana topeni. Simama omo, lichomeke karibu na ubavu, liegemee kwa bega, utembee kuelekea tezi. Mashua ndiyo inayokwenda mbele. Wewe unatembea papo hapo. Kabla ya kulichomoa, lizungushe kidogo tope liachie. Likigoma, liachie! Mimi sikuliachia, nikabaki nimelikumbatia katikati ya mto huku mashua ikiendelea na safari bila nahodha.

7. Lenga katikati ya tao, mikono yote ndani, mshika kana (mpini wa usukani) asiangalie picha za simu. Ukishavuka, funga gati tena na urudie hatua kinyumenyume. Usipandishe tanga kabla ya kuhakikisha kitako kimefungwa.

MASWALI

Mwanachama, Tanga: Shikamoo fundi. Mke wangu na mimi tu, tutauweza huo mlingoti?

Marahaba. Mtauweza. Ile risasi ndiyo msaidizi wenu wa tatu: uzito wake unakaribiana na wa upande wa juu, hivyo mnachoinua ni tofauti tu. Kazi ni utulivu, si misuli.

Mwanachama, Lamu: Pondo linafika chini kweli? Kwetu tukitoka nje ya mkondo halifiki.

Linafika. Yale mabwawa si ya asili. Ni mashimo watu walikochimba mboji, udongo wa mimea iliyooza, ya kuchoma kama kuni zama za kati, yakaja yakafurika. Mtaalamu wa mimea Joyce Lambert ndiye aliyelithibitisha hilo miaka ya 1950. Ndiyo maana hayana kina kirefu, na ndiyo maana kuna tope.

Mwanachama, Zanzibar: Mbao za miaka 90, hazivuji? Mnazitia sifa, yale mafuta ya papa?

Hazipakwi sifa, ni vanishi na rangi. Kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao, ni pamba kama yetu, ila wao huziba juu yake kwa puti. Mashua ikikaa nchi kavu msimu wa baridi, mbao husinyaa, na ikirudishwa majini huvuja mpaka zivimbe. Siku hizo huwezi kuiacha bila kukumba maji. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni tumbo la chombo, na maji nayo yanaijua njia hiyo.

Mwanachama, Tanga: Na pondo lako lile, ulilipata?

Nililifuata kwa mtumbwi. Lilikuwa bado limesimama.