Masharti ya Mkandarasi wa Kusafisha na Kukagua Mabomba ya Maji ya Mvua: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unawahusu wahandisi na mafundi sanifu wa halmashauri, pamoja na wasimamizi wa majengo makubwa jijini Dar es Salaam, wanaotaka kumkabidhi mkandarasi kazi ya kusafisha mabomba ya maji ya mvua yaliyofukiwa ardhini. Mtaro wa wazi kila mpita njia huuona kama umezolewa au la, lakini bomba lililo chini ya barabara halina shahidi. Kwa sababu hiyo, masharti yaandikwe ili malipo yafuate kile kilichoonekana ndani ya bomba.

Hatua ya 1: Pangeni muda. Masika huanza Machi, hivyo kazi ikamilike kabla Februari haijaisha. Mzunguko wa pili ufanyike Septemba, kabla ya vuli.

Hatua ya 2: Pimeni tope kabla ya kutangaza zabuni. Fungueni kila chemba, shusheni fimbo ya kupimia kwenye mdomo wa bomba hadi iguse tope, andikeni kipimo, kisha ikandamizeni hadi igonge sakafu ya bomba na mwandike tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kina cha tope. Bomba la kipenyo cha milimita 600 lenye tope la milimita 150 limepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nafasi yake, na kwa urefu wa mita 50 tope hilo halifiki mita za ujazo 3. Mkandarasi akidai malipo ya mita za ujazo 10 kwa kipande hicho, mtakuwa na hesabu ya kumjibu. Mimi huandika bei kwa mita ya urefu wa bomba, kulingana na kipenyo na kina cha tope kilichopimwa, na sikubali kamwe bei ya safari za lori, kwa kuwa lori linaweza kujazwa mchanga kutoka popote.

Hatua ya 3: Tajeni sifa. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa aina na daraja linalolingana na kazi, awe na usajili wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na aoneshe mashine ya maji ya shinikizo, gari la kunyonya tope na kamera ya bomba, ziwe zake au za kukodi kwa mkataba ulioandikwa.

Hatua ya 4: Linda uhai wa wafanyakazi. Hapa naomba msilegeze hata neno moja. Katika bomba lenye tope na taka zinazooza hujikusanya salfaidi ya haidrojeni, gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikizidi huua uwezo wa kunusa. Anayesema harufu imeisha huenda ndiye aliye hatarini zaidi. Sharti liseme kwamba hakuna anayeingia kwenye chemba kabla kigunduzi cha gesi hakijashushwa na kusomwa juu, katikati na chini, na kwamba oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, salfaidi ya haidrojeni isifike sehemu 10 kwa milioni, na gesi ziwakazo zisifike asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kulipuka. Anayeingia avae mkanda wa mwili uliofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na mwenzake abaki juu muda wote, asishuke kumfuata hata akianguka, bali amvute kwa winchi.

Hatua ya 5: Elezeni namna ya kusafisha. Mpira wa maji uingizwe kutoka chemba ya chini kuelekea ya juu, kisha urudishwe taratibu ukikokota tope hadi pale ulipoanzia, ambapo tope linazuiwa na kunyonywa. Niliwahi kusimamia kazi ambayo mkandarasi alisukuma mchanga wote kwenye kipande kilichofuata. Cha kwanza kiling'aa, cha pili kikaziba kabisa.

Hatua ya 6: Dai picha za kamera. Kamera ipite baada ya usafi, kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, isimame kwenye kila kiungo na kuzungusha kichwa. Video ioneshe tarehe, namba za chemba zote mbili, mwelekeo na umbali unaoanzia sifuri. Yaorodheshwe kwa umbali: nyufa, viungo vilivyoachana, mizizi, mabomba ya majitaka yaliyounganishwa kinyemela, na mabomba ya maji safi yaliyopitishwa katikati, ambayo kwa kweli hunasa chupa na pampasi kuliko kitu kingine chochote. Tope linalobaki lisizidi asilimia 5 ya kipenyo, yaani milimita 30 kwa bomba la 600.

Hatua ya 7: Fungeni malipo. Tope lisiachwe kando ya barabara, kwa kuwa mvua ya kwanza hulirudisha palepale. Lipelekwe dampo la Pugu na stakabadhi iambatishwe. Kila mfuniko urudishwe na kupigwa picha ukiwa mahali pake, maana chemba iliyo wazi usiku ni shimo la mtoto au mwendesha bodaboda. Hati ya malipo isainiwe baada ya msimamizi kutazama video yote, kipande kwa kipande, huku ameshika daftari la vipimo vya Hatua ya 2.